Mbio za mtandaoni: Mzaha uliomponza dereva Daniel Abt

WENGI hudhani kwamba mashindano ya magari yanayoendeshwa kwa tarakilishi ni mchezo wa kupotezea wakati tu, na kwamba mshiriki akizima mtambo wake mambo yote huishia hapo. Yaliyomfika dereva Mjerumani Daniel Abt mnamo Mei 2020 yanaonyesha kinyume.

Mwaka huo virusi vya corona vilisimamisha michezo takriban kote duniani. Hapa Kenya, mbio za Safari Rally zilizotarajiwa kurejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia ziliahirishwa hadi 2021. Nao waandalizi wa Formula E, ambayo ni mbio za magari yanayotumia umeme, waliamua kuwashindanisha madereva wao kupitia intaneti, kila mmoja akiwa nyumbani kwake.

Msimu huo, uliopewa jina Race at Home Challenge, ulianza Aprili na kukamilika Juni. Lengo lake mojawapo lilikuwa kuchangisha fedha za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF).

Je, mbio hizo huendeshwa vipi? Dereva huketi mbele ya skrini akiwa na usukani mikononi na pedali za mafuta na breki miguuni. Programu maalum huiga barabara, kona na mwenendo wa gari, kiasi kwamba usukani hukaza au kutetemeka kulingana na hali ya njia. Kinachokosekana ni ile nguvu inayomwelemea dereva mwilini gari halisi linapopinda kona kwa kasi. Ndiyo maana bingwa wa barabarani anaweza kubwagwa na kijana aliyebobea katika michezo ya tarakilishi.

Waandalizi walilitambua hilo mapema, wakaunda makundi mawili: moja la madereva wa Formula E, na jingine la mabingwa wa michezo ya tarakilishi. Katika kila shindano, gari lililoshika mkia liliondolewa baada ya kila mzunguko hadi yakasalia 10 pekee.

Abt, aliyekuwa dereva wa timu ya Audi, hakuwa ametamba katika mashindano ya awali. Lakini Mei 23, katika barabara ya kuigiza ya Tempelhof jijini Berlin, alitajwa kumaliza wa tatu nyuma ya Oliver Rowland na Stoffel Vandoorne. Tempelhof ni uwanja wa ndege wa zamani ambako Abt alishinda mbio halisi mnamo 2018.

Njia ya mwongo ni fupi. Wapinzani wake, Vandoorne akiwa miongoni mwao, walianza kushuku kwamba aliyeshika usukani hakuwa Abt. Uso wake nao haukuonekana vizuri kwenye kamera. Waandalizi walipochunguza anwani za intaneti za mitambo iliyotumika, walibaini kuwa gari hilo liliendeshwa na Lorenz Hörzing, kijana wa miaka 18 kutoka Austria aliyekuwa akishiriki katika lile kundi la pili.

Abt alipokonywa alama zote alizokuwa amepata na kuagizwa atoe Euro 10,000 kwa shirika la hisani. Hörzing alipigwa marufuku kushiriki mashindano yaliyosalia. Siku chache baadaye, Audi ilimsimamisha Abt kazi. Dereva huyo aliomba radhi, akieleza kuwa alinuia tu kuandaa video ya kuwafurahisha mashabiki.

Hakuwa wa kwanza kuponzwa na mbio za aina hiyo. Nchini Marekani, Aprili mwaka uo huo, dereva wa NASCAR Bubba Wallace alijiondoa katika mbio za mtandaoni kwa hasira baada ya kugongana na mwenzake, na mdhamini mmoja akamtema. Wiki moja baadaye Kyle Larson alitamka neno la ubaguzi wa rangi mbio za mtandaoni zikiendelea. Timu yake ilimpiga kalamu.

Sababu si ngumu kuelewa. Timu na wadhamini hulipia jina la dereva na imani ya watazamaji kwamba wanachokiona ni cha haki. Gari huwa la kuigizwa, lakini jina linaloandikwa kwenye matokeo ni la mtu halisi, na wapinzani wanaomaliza nyuma yake hupoteza alama walizostahili.

Vandoorne ndiye aliyetawazwa bingwa wa msimu huo. Abt naye alipata nafasi katika timu ya NIO 333 mbio halisi ziliporejea Agosti 2020. Zilifanyika Berlin, katika uwanja ule ule wa Tempelhof.