Kofia ya Mkono Yataka Mnunuzi

Katika Tamasha la Utamaduni la Lamu hushindaniwa pia ushonaji wa kofia. Nilipohudhuria, nilikaa na vijana nikiwafundisha kofia ya viua. Ina vipande viwili: duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Nguo hutobolewa vitundu, kila kitundu kikazungushiwa uzi kwa sindano. Ndimo upepo upitamo. Kofia moja huweza kula miezi.

Kijana mmoja akaniuliza, “Mwalimu, mbona ya mashine ni rahisi?”

“Ni rahisi, mwanangu,” nikamjibu, “lakini haimlishi fundi wa hapa.”

Ndugu wasomaji, zawadi ya mashindano haitoshi kuihifadhi kazi hii. Sisi tuvaao kofia Ijumaa na Idi ndio wa kumlipa fundi haki ya jasho lake.