Deni la Baba ni la Nani?

Kijana mmoja wa sekondari hapa Kisangani aliagizwa na baba yake aandike barua ya Kiingereza. Mzee huyo alikuwa amempelekea mnunuzi wa Kampala magunia ya kahawa, na miezi ilikuwa imepita asipate hata senti. Akamwambia, "Mwanangu, mwandikie huyo bwana kwamba deni la baba halijalipwa." Kijana akaketi, akaandika kwa mwandiko mzuri: "The debt of my father is not yet paid."

Kabla ya kuituma alinionyesha niisahihishe. Nilianza kucheka, kisha nikanyamaza. Kwa maana mtu wa Kampala akisoma maneno hayo, ataelewa kwamba baba ndiye anayedaiwa! Mdai amejiandika kuwa mdaiwa, tena kwa mkono wa mtoto wake mwenyewe.

Kosa hilo halikutoka katika uvivu. Katika Kiswahili, "deni la baba" laweza kuwa lile analodai au lile analodaiwa. Msikiaji hutambua kwa kuijua habari yenyewe. Na "barua ya mama" je? Imetoka kwa mama, au inakwenda kwake? Kiingereza hakituachii nafasi ya kubahatisha: "a letter from my mother" imetoka kwake, "a letter to my mother" inakwenda kwake.

Si kwamba lugha yetu ni maskini. Kiswahili huweka mwelekeo ndani ya kitenzi. Tukisema "alimwandikia mama", au "baba anamdai", au "baba anadaiwa", nani atapotea? Lakini kitenzi kikigeuka kuwa jina, ule mwelekeo hudondoka njiani, na hiyo "ya" hubaki peke yake kubeba mizigo yote.

Tena mtoto wa Kisangani ana taabu kuliko mwenzake wa Mombasa. Sokoni asikia "mtoto ya mama", kwa kuwa Kiswahili cha mitaani kwetu kimezoea kuitumia "ya" hata mahali pa "wa" na "la". Bandarini asikia Kilingala, nacho chasema "ndako ya tata", yaani nyumba ya baba. Darasani akutana na Kifaransa na "de" yake. Lugha tatu, na katika kila moja kineno kimoja kidogo kinafanya kazi ya watu kumi! Ndipo aonapo "of" ya Kiingereza, huikumbatia kama ndugu aliyepotea. Kwa Kifaransa ajua "demande de secours", basi aandika "request of help", kumbe ni "request for help". Ajua "augmentation des prix", naye hakumbuki kwamba Waingereza husema "increase in prices". Mtumbwi ukivunjika, hasara yake ni "damage to the canoe". Hata maneno yanayokaribiana kwa maana hayafuatani: "the cause of the fire", lakini "the reason for the delay".

Je, hakuna kanuni? Ipo, nusu yake. Mara nyingi jina hurithi kihusishi cha kitenzi chake: "depend on" huzaa "dependence on", na "believe in" huzaa "belief in". Lakini usiutegemee sana urithi huo, maana mtu aliye "proud of" mwanawe ana "pride in" mwanawe. Na kuna vitenzi visivyo na kihusishi, ambavyo majina yake yanacho. Twasema "visit Kampala", lakini "a visit to Kampala". "Answer the question", lakini "an answer to the question". Hapo hata jirani zetu wa Kenya na Uganda, ambao Kiingereza ni lugha yao ya shule, hujikwaa. Wengine huandika "I request for help", wakikivika kitenzi nguo ya jina. Tusiwacheke, tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tuna sababu zaidi ya kuandikiana nao.

Mimi huwaambia wanafunzi wangu wasiandike jina peke yake daftarini. Wasiandike "answer", bali "answer to". Wasiandike "need", bali "need for". Na wakiwa na shaka, warudi kwanza katika Kiswahili, wakiulize kitenzi.

Ndivyo nilivyofanya na yule kijana. Nikamwuliza, "Nani anamdai nani?" Akajibu mara moja, "Baba anamdai yule bwana." Nikasema, "Basi anza na yule bwana." Akafuta, akaandika upya: "Your debt to my father is not yet paid."

Jioni mzee mwenyewe akaja, akataka aelezwe kilichobadilika. Mwanawe akamwonyesha lile "to" kwa kidole. Mzee akainama, akalitazama kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "ni hako tu?"