Walimu Watatu, Mchoro Mmoja

Mzazi aliye na mtoto anayesomea usanifu wa majengo hushangazwa na mambo mawili. La kwanza, kijana wake halali usiku. La pili, akirudi likizo hasimulii aliyofundishwa bali jinsi kazi yake ilivyochambuliwa ikabaki mifupa, tena mbele ya wenzake. Mama mwenye watoto wanne na mshahara mmoja ana haki ya kuuliza: haya nayo ni masomo?

Kabla ya kumjibu, na tufike kwanza Kisesa, yapata kilometa 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Mwendo mfupi kutoka hapo ndipo ilipo Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma. Wageni wengi huenda kutazama ngoma za watemi. Mimi ningewashauri waanze na majengo yenyewe. Kanisa ni la duara, mfano wa nyumba ya Kisukuma. Banda la watemi limepewa umbo la kiti cha enzi. Aliyeanzisha kazi hiyo katika miaka ya 1950 ni Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada. Lakini padre kutoka Kanada hawezi kuijua nyumba ya msonge asipofundishwa na wenyeji wake, wala mwenyeji hakuwa amewahi kuezeka msonge wa kuketisha mamia ya watu. Hapo kila mmoja alikuwa mwalimu, na kila mmoja mwanafunzi.

Usukumani jambo hilo halikuwa geni. Kazi kubwa za kijiji zilifanywa na elika, yaani chama cha vijana chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na malipo yao mara nyingi yalikuwa chakula. Kijana alijifunza kwa kushika kazi, akikosolewa na zaidi ya fundi mmoja.

Studio ya usanifu ina tabia hiyo hiyo. Wanafunzi hupewa tatizo, tuseme zahanati juu ya kilima chenye majabali kama vile vya Mwanza. Huenda kuona mahali, huchora, hutengeneza mfano wa karatasi ngumu. Ikiwa walimu ni kundi, msanifu atakuja mezani na kuuliza upepo wa ziwa utaingilia wapi. Mhandisi atauliza jabali hili litabeba nini. Mkadiriaji atauliza saruji ya kupandisha huko juu itagharimu kiasi gani. Mara nyingi hawapatani. Msanifu anataka dirisha pana, mhandisi anataka ukuta. Mwanafunzi aliyezoea jibu moja la ubaoni huona kwamba anaonewa, kumbe hapo ndipo somo lilipo: hapana budi aamue mwenyewe, kisha aeleze sababu.

Shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa huko Ujerumani mwaka 1919, ilijaribu mtindo huo kwa dhati. Kila karakana iliwekewa walimu wawili, msanii wa kufundisha umbo na fundi wa kufundisha kazi ya mkono. Haukukosa mivutano. Ilipohamia Dessau mwaka 1925, baadhi ya wale waliofunzwa na walimu hao wawili wakawa walimu wenyewe, mtu mmoja sasa akishika yote mawili.

Hata hivyo kuna dosari ambayo wakuu wa vyuo hawapendi kuizungumza, nayo ni alama. Kundi la wanafunzi watano likipewa alama moja, mvivu hula jasho la mwenzake. Na wasichana, kwa jinsi nilivyoona, husukumiwa kuandika maandishi na kukata karatasi huku wavulana wakishika ramani. Nje ya chuo mambo si tofauti sana. Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 tunalitaja kwa jina la Beda Amuli, na ni haki yake. Ila waliokokotoa zege ya miavuli ile ya paa ni wangapi wanaowajua?

Katika sikukuu ya Bulabo, mwezi Juni, hukumu ni rahisi. Wachezaji wa Bagika na Bagalu hushindana kwa wakati mmoja, na upande unaovuta watazamaji wengi ndio unaoshinda. Hapana anayeuliza nani aliinua mguu vizuri.

Chuoni huulizwa. Niliwahi kuketi nyuma ya kikao kimoja cha kutetea michoro. Kundi la wanafunzi wanne lilisimama, wavulana watatu wakasema sana. Mwalimu mmoja, mhandisi, akauliza ngazi ile inayopita kati ya mawe mawili ni wazo la nani. Wavulana wakatazamana. Msichana aliyekuwa ameshika ncha ya karatasi isijikunje akaiachilia, akafungua begi lake, akatoa daftari dogo lenye madoa ya chai. Kurasa sita, ngazi ile ile, imechorwa na kufutwa na kuchorwa tena. Walimu wote watatu waliinuka vitini kwenda kuitazama.