Tija na Ufanisi Katika Kazi

Katika taarifa za kazi, maneno "tija" na "ufanisi" huandikwa pamoja kama chanda na pete, hata wengi wetu tukadhani kwamba maana yake ni moja. Sivyo. Shabaha ya makala haya ni kueleza tofauti iliyopo, kwani kada asiyeijua anaweza kuwachosha wananchi kwa kazi isiyowafaa, huku taarifa zake zikisifiwa.

Tija ni uwiano baina ya tunachokitoa na tunachokipata: saa za kazi, fedha na vifaa kwa upande mmoja; mazao au huduma kwa upande wa pili. Ufanisi, kwa maana tunayoitumia hapa, ni kulifikia lengo ambalo kwa ajili yake kazi ilianzishwa. Tija huuliza: Je, kazi imefanywa bila ya kupoteza? Ufanisi huuliza: Je, hiyo ndiyo kazi iliyotakiwa, na imebadili nini?

Tuchukue mfano wa mpango wa karanga wa wakoloni. Mwaka 1947, Uingereza ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali yake ilianza kufyeka mapori ya Kongwa. Ilikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika na nchi za jirani. Matrekta yaliharibika kwa wingi, na hiyo ni tija duni. Lakini kosa la msingi halikuwa hilo. Mvua za Kongwa ni haba, na udongo wake ukikauka huwa mgumu mno kwa kung'olea karanga. Hata kama kila trekta lingefyeka eneo mara mbili kwa dizeli ile ile, Uingereza isingepata mafuta iliyoyahitaji. Ingeifikia hasara upesi zaidi. Mpango uliachwa mwaka 1951, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Sasa tuitazame kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa majuma 12. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili malaria, kichocho, safura na maradhi mengine. Kisha wakafyeka vichaka na kuchimba vyoo kwa mamia ya maelfu. Kwa gharama ndogo kazi kubwa ilifanyika, na hiyo ni tija. Lakini choo kisichotumiwa ni shimo tu. Lengo lilikuwa maradhi yapungue, na lengo hilo hupimwa nyumbani kwa mwananchi, wala si kwa idadi ya mashimo katika taarifa.

Hata hivyo, tusiingie katika kosa la pili, yaani kudhani kwamba lengo likiwa jema, upotevu haudhuru. Zahanati inayomaliza dawa za mwezi mzima kwa majuma mawili kutokana na uzembe ina lengo jema kabisa. Lakini mgonjwa wa juma la tatu atarudi nyumbani mikono mitupu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja juhudi na maarifa pamoja kuwa masharti ya maendeleo. Juhudi bila ya maarifa huweza kulima shamba lisilozaa.

Hivyo basi, kila tunapopanga au kupima kazi, hatuna budi kuuliza maswali haya matatu, na kwa utaratibu huu:

(a) Kazi hii inamfaa nani, na yeye mwenyewe anasemaje?

(b) Ni badiliko gani katika maisha yake litakalotuonyesha kwamba tumefaulu?

(c) Ni njia gani itakayotufikisha hapo kwa upotevu mdogo kuliko zote?

Anayeanza na swali la tatu ataifanya kwa ustadi mkubwa kazi ambayo haikustahili kufanywa.