Sukari, Saumu na Daftari la Simu

Kila mwezi wa Shaabani unapoandama, wenye maradhi ya kisukari katika miji yetu ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, huanza kuwaza juu ya saumu, na kwa jinsi mapenzi yao ya ibada yalivyo makubwa, aghalabu huazimia kufunga kabla hawajamuuliza tabibu wala kuitazama hali ya miili yao. Uchunguzi uitwao EPIDIAR, uliofanywa katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba takriban 79 katika kila wagonjwa 100 wa kisukari cha aina ya pili walifunga siku zisizopungua 15 za Ramadhani, na kwamba hatari ya sukari kushuka vibaya, hata mtu akapelekwa hospitali, iliongezeka kwao mara saba na nusu. Sizitaji tarakimu hizi kwa kumvunja moyo mwenye kufunga, bali kwa sababu sehemu kubwa ya hatari hiyo yaweza kuonekana mapema na kuepukwa, maadamu mgonjwa anajipima, na anaandika anachokiona katika simu ambayo kutwa nzima haimtoki mkononi.

Desturi ya mgonjwa kujipima mwenyewe si ya kale. Mwaka 1969 mhandisi mmoja wa New York, Richard Bernstein, aliyekuwa na kisukari tangu umri wa miaka 12, alitamani kuwa na mashine ya kupimia sukari ambayo zama hizo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na iliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Akaipata kwa kuwa mkewe alikuwa daktari, akawa anajipima mara kadhaa kwa siku, akizilinganisha tarakimu na chakula alichokula na insulini aliyojidunga, mpaka akatambua mwendo wa sukari yake mwenyewe. Makala alizozipeleka kwenye majarida ya tiba zilikataliwa, naye hakukata tamaa, bali akiwa na umri wa miaka 45 aliingia chuo cha udaktari ili apate kusikilizwa. Faida aliyoipata mtu huyu haikutoka katika mashine peke yake. Ilitoka katika kulinganisha, na hilo ndilo wengi wetu tunaloliacha tunapoitumia simu.

Kwani programu nyingi za simu zina mahali pa kuandikia tarakimu, na chini yake pana nafasi ya maelezo, na nafasi hiyo huachwa tupu. Mathalan, mtu amejipima saa mbili baada ya kufuturu akaona milimoli 12.4 kwa lita. Ikiwa kabla ya Maghribi alikuwa na 6.1, kisha akala kaimati, mkate wa kumimina na bilauri mbili za sharubati, basi sababu iko mezani na daktari hana haja ya kugusa dawa. Lakini ikiwa alasiri sukari ilishuka hadi 3.6, naye akavumilia huku akitokwa na jasho na mikono ikimtetemeka, kisha adhana ilipolia akanywa na kula kwa pupa, basi ile 12.4 ni mwisho wa kisa ambacho mwanzo wake ni dawa iliyozidi. Na daktari aliyeonyeshwa tarakimu ya usiku tu, bila ya habari za alasiri, huenda akaiongeza dawa ile ile iliyotaka kumwangusha mgonjwa. Tarakimu ni moja, na tiba zake zinapingana. Kwa hiyo maneno machache ya kando, kama vile «daku nililala», «tende tatu na uji», «kidonge cha glibenklamidi nimechelewa», «nimetetemeka», yana thamani kuliko michoro yote ya rangi ambayo programu hizi hujisifia.

Katika Ramadhani, miongozo ya wataalamu huwashauri walio katika hatari kubwa wajipime mara saba: kabla ya daku, asubuhi, adhuhuri, alasiri, kabla ya kufuturu, saa mbili baada ya kufuturu, na wakati wowote mtu ajisikiapo vibaya. Simu yaweza kuwekewa kengele kwa nyakati hizo, na wanazuoni wengi wamekubaliana kwamba tone la damu la ncha ya kidole halibatilishi saumu, basi asiwepo wa kuogopa. Sukari ikiwa chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.6, au dalili zikidhihiri, saumu hufunguliwa papo hapo. Narudia, papo hapo, kwa kuwa wapo wacha Mungu ambao, wakiiona 3.2 na Maghribi imebakia nusu saa, hujilaza kitandani wasubiri. Na nusu saa hiyo, hususan kwa mwenye kutumia insulini au glibenklamidi, ambazo huishusha sukari hata tumbo likiwa tupu, yatosha kumtoa mtu fahamu zake. Ruhusa ya mgonjwa kula imo katika Kurani yenyewe.

Lakini daftari haliwi bora kuliko kile kinachoandikwa ndani yake. Kidole kilichomenya embe au kushika tende, kikichomwa kabla ya kuoshwa, hutoa tarakimu ya juu isiyo ya damu, na kupangusa kwa spiriti hakutoshi. Hutakiwa maji na sabuni, kisha kukausha. Stripu huharibiwa na joto na unyevunyevu, navyo vyote viwili pwani havikosekani, kwa hiyo kopo lifungwe kila mara baada ya kutoa moja. Saa ya mashine nayo itazamwe kila betri ibadilishwapo, kwa kuwa mashine nyingi hupoteza tarehe, na zile zipelekazo vipimo kwenye simu zenyewe hupeleka na saa hiyo ya makosa, ikawa kipimo cha daku kimeandikwa mchana. Kadhalika mtu asihangaike na tofauti ndogo: kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 huiruhusu mashine kupotoka hadi asilimia 15 pale sukari ifikapo 5.6 na kuendelea, kwa hiyo 10.0 yaweza kuwa 8.5 au 11.5, na aliyepata 7.8 jana na 8.2 leo hana la kujilaumu.

Liko na jambo la vizio. Huku kwetu tumezoea milimoli kwa lita, ilhali Marekani hutumia miligramu kwa desilita, na moja ya kwetu ni sawa na 18 ya kwao, hata 5 ikawa 90. Mwaka 2014, kampuni ya Apple ilipotoa programu yake ya afya, ililazimika kuiondoa kwa muda sehemu ya sukari kwa kuwa haikushughulikia milimoli zitumiwazo Uingereza na Australia. Aliyeletewa mashine na jamaa yake wa ughaibuni, basi, na atazame kwanza kizio kilichoandikwa kiooni, kisha aichague programu kwa kizio hicho hicho.

Vipo pia vihisio vya kubandika mkononi vinavyoisoma sukari usiku na mchana bila ya kuchoma kidole. Ni vizuri, ila bei yake wengi hawaimudu, navyo husoma majimaji yaliyo chini ya ngozi, ambayo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, hivyo mwenye dalili za kushuka asikitegemee kihisio peke yake.

Habari za ugonjwa ni amana. Sheria ya kulinda data ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zimeziweka habari za afya katika fungu la zile zitakazo hifadhi ya ziada. Hata hivyo programu ya bure inayotaka kujua majina ya marafiki zako na mahali ulipo, ili tu ikuandikie sukari, haistahili kuwekwa katika simu, na simu itumiwayo na nyumba nzima iwekewe neno la siri.

Mwenye nia ya kufunga na amwendee daktari wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani, akiwa na vipimo vya wiki mbili vilivyoandikwa pamoja na chakula, dawa na hali yake. Na ikiwa kliniki imejaa na daktari hana wasaa wa kupekua simu, anakili katika karatasi siku tatu tu, lakini ziwe kamili, kuanzia kuamka hadi kulala, na maneno yote ya kando. Humo daktari ataiona saa ambayo dawa imezidi, na saa ambayo chakula ndicho kilichozidi.