Mbwa wafunguliwapo kamba jijini New York

KIBAO cha "Mbwa Kali" langoni humfanya Mkenya avuke barabara. Mimi ni mmoja wao. Niliumwa mguuni nikiwa darasa la tatu, na tangu siku hiyo mbwa nimempa heshima yake akiwa mbali.

Basi hebu fikiria, msomaji, nilivyojihisi nilipozuru New York na binamu yangu aishiye huko akaniambia: "Leo utanisindikiza nikampeleke mbwa akacheze."

Tulikwenda bustani ya Tompkins Square, Manhattan. Humo mna ua wa mbwa uliofunguliwa mwaka wa 1990, wa kwanza jijini humo. Wengi huko huishi katika nyumba za ghorofa zisizo na uwanja, na barabarani sheria humtaka mwenye mbwa amfunge kamba isiyozidi futi 6. Ndani ya ua, kamba hufunguliwa.

Malango ni mawili. Unaingia la kwanza, unalifunga, unamfungua mbwa, ndipo unafungua la pili. Hivyo hakuna anayeponyoka kukimbilia magari. Mbwa wadogo wana sehemu yao.

Mimi nilibaki nje ya ua. Jibwa kubwa kama ndama likaja mbio, likanusa, likaenda zake.

"Hawa hawaumi?" niliuliza.

"Wana meno," akajibu binamu. "Ndiyo maana mwenyewe haruhusiwi kumwacha mbwa wake peke yake."

Kila mbwa lazima awe na leseni na chanjo ya kichaa cha mbwa. Jike anayetafuta dume haingii. Kinyesi huokotwa na mwenyewe, sheria iliyoanza kutekelezwa mwaka wa 1978.

Hapo nilikumbuka mguu wangu. Siku ile nilipakwa majani, nikalazwa. Hakuna aliyeuliza kama mbwa yule alikuwa amechanjwa. Niliponea chupuchupu, kwani dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea, mgonjwa ni nadra sana kupona.

Mzazi, mwanao akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha umkimbize hospitalini akadungwe sindano ya chanjo siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mchezea mbwa humfuata msikitini. Hata hivyo, wale wa Tompkins Square walipoitwa, walirudi wakafungwa kamba. Tukielekea nyumbani, binamu alininyoshea ile kamba. Niliishika, ingawa mkono ulitetemeka.