Kaburi la Bibi wa Kingston



Mwishoni mwa mwaka uliopita alitujia kijana mmoja wa hapa petu, mzaliwa wa nchi hii ya Uingereza, akituomba tumwonyeshe kaburi la babu yake. Babu huyo tulimzika kwa mikono yetu, na tulikuwamo miongoni mwa waliolichukua jeneza. Basi tulitoka na kijana kwa uhakika wa mtu aendaye kwake. Tukazunguka saa mbili katika matope, wala tusilione. Jiwe halikuwekwa, kwa kuwa familia ilichelea kujenga juu ya kaburi, na hilo ni jambo jema; lakini hata kibao cha nambari hakikuwapo, na hati ya kaburi ilipotea katika hamahama za nyumba. Mwisho kijana alisimama akasoma Fatiha akiuelekea uwanja mzima.

Njiani kurudi tulimkumbuka bibi mmoja asiyekuwa wa dini yetu wala wa kwetu, ambaye kisa cha kaburi lake kinatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani.

Kaburi hilo limo katika makaburi ya Wakatoliki ya St Mary's, Kensal Green, magharibi ya London. Makaburi hayo yalifunguliwa mwaka 1858, na waliolala humo wanapindukia 165,000. Wamo watu wengi wa asili ya Ireland, ambao njaa kuu ya katikati ya karne ya 19 iliwatoa makwao. Na upo mnara wa askari wa Ubelgiji wa vita vya 1914 hadi 1918. Kwa hiyo ni mava ambayo wageni wana sehemu kubwa ndani yake. Humo ndimo alimozikwa Mary Seacole mwaka 1881.

Bibi huyu alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1805, baba akiwa askari wa Kiskoti na mama mganga wa dawa za miti shamba. Vilipozuka vita vya Crimea, ambamo Waingereza na Wafaransa walipigana upande wa Waturuki dhidi ya Warusi, aliomba kupelekwa kuwa muuguzi, akakataliwa. Akaenda kwa nauli yake. Karibu na Balaclava alifungua nyumba ya chakula na mahitaji ya askari, na huku akiwatibu wagonjwa na majeruhi. Vita vilipomalizika ghafla mwaka 1856 alibaki na bidhaa zisizo na mnunuzi, akarudi London amefilisika.

Hapa pana somo kwa kila mweka hazina. Julai 1857 marafiki zake walimfanyia tamasha la siku nne katika bustani za Royal Surrey, pakiwa na wapigaji muziki na waimbaji zaidi ya elfu moja. Watu walifurika. Lakini kampuni iliyosimamia bustani hizo ilikuwa na madeni, ikaanguka, na bibi akaambulia pauni 57 tu. Sisi tuliokaa katika kamati za michango kwa miaka mingi tunaijua hali hiyo: fedha hazikosekani kwa watoaji, hupotelea baina ya mkono unaotoa na mkono unaopokea.

Alipofariki, jina lake lilififia, na kaburi likasahauliwa. Lilikuja kutambuliwa tena mwaka 1973, miaka 92 baada ya maziko yake. Na ni nani waliolitengeneza? Si serikali, wala si jeshi alilolihudumia. Walikuwa ni Lignum Vitae Club, chama cha wanawake wa Kijamaika waliokuwa London, pamoja na mfuko wa kuwakumbuka wauguzi wa Jumuiya ya Madola waliokufa vitani. Tarehe 20 Novemba 1973 ilifanywa ibada ya kuliweka wakfu upya. Mwaka 1980 mama mwingine wa Kijamaika, Connie Mark, aliyewahi kutumikia katika jeshi la wanawake wakati wa vita vya pili, alianzisha chama ambacho ndicho kilichochukua dhamana ya kulitunza. Hilo la pili ndilo gumu zaidi. Kutengeneza ni kazi ya mchango mmoja. Kutunza ni kazi ya kila mwaka, nyasi zikiota na chokaa ikibanduka.

Baadaye ilikuja sanamu yake mbele ya hospitali ya St Thomas', iliyozinduliwa Juni 2016 baada ya changizo la miaka 12 lililopita pauni 500,000. Sisi sanamu hazituhusu. Tunachokisema ni kwamba bila wale wanawake wachache wa 1973, huenda hao wa 2016 wasingekuwa na wa kumchongea.

Je, Muislamu akifikiwa na bakuli la mchango wa makaburi kama hayo ya jirani zake, atoe? Hatutoi fatwa, wako wanaostahiki kuulizwa. Fedha za zaka zina wenyewe waliotajwa, na si mahali pake. Lakini kusimamisha ukuta ulioanguka, au kunyanyua jiwe lililosukumwa na wahuni, si kushiriki katika ibada ya mtu. Sote tulifundishwa chuoni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliisimamia jeneza ya Myahudi ilipopita, na alipoambiwa ni ya nani, akauliza kama huyo naye hakuwa nafsi. Na mwaka 2017, mawe ya makaburi ya Wayahudi karibu na mji wa St. Louis, Marekani, yalipoangushwa, Waislamu wa nchi ile walianzisha mchango wa kutafuta dola 20,000. Zilipatikana kwa saa chache, na mchango ukaendelea hadi ukapita dola 100,000.

Hata hivyo, mwenye kutaka kusaidia la jirani hapendezi kama lake limemshinda. Wazee wetu waliokuja baada ya 1964 sasa wanaondoka mmoja mmoja. Wengi hawajui kwamba katika makaburi ya halmashauri za Uingereza haki ya kaburi hununuliwa kwa muda wa miaka, wala haipindukii 100 kwa mara moja, na huweza kurefushwa. Ataomba nani kurefusha, ikiwa hata mahali hapajulikani?

Tulirudi na yule kijana baada ya wiki mbili, mara hii tukaanzia ofisini. Karani alifungua daftari la maziko, akatafuta, hakuona jina. Babu alikuwa akijulikana na mji mzima kwa jina la utani, nasi ndilo tulilolitaja! Lilipopatikana la pasipoti, karani aliandika nambari kwenye kikaratasi. Kaburi lilikuwa hatua sita tu kutoka pale kijana aliposimama siku ile.

Tumeanza daftari letu wenyewe, na hadi leo tuna majina 17. Mwenye maiti wake aliyezikwa nchi hii na alete kwa mhariri jina kamili kama lilivyo katika cheti cha mauti, jina alilojulikana nalo, tarehe, makaburi yenyewe, na nambari ikiwapo. Asiyekuwa na nambari alete hivyo hivyo. Jumamosi ya mwanzo ya kila mwezi tunakwenda ofisini kutafuta, na gari lina nafasi ya watu wanne.